Je, wajua kwa nini kiwanda hukosa fundi ilhali vijana wamejaa getini?

Asubuhi, nje ya mageti ya viwanda vya Tanga, vijana husubiri kuitwa kwa kibarua cha siku, huku ndani msimamizi akilalamika kwamba hapati fundi. Inawezekanaje?

Itazame korona, mashine inayochakata mkonge, zao ambalo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, alilileta mkoani humu mwaka 1893. Ngoma yenye visu butu huliponda na kulikwangua jani huku maji yakiosha, na nyuzi zinazobaki ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wake. Nafasi kati ya ngoma na bamba ikizidi, nyama ya jani hung'ang'ania kwenye nyuzi. Ikibana mno, nyuzi hukatika. Fundi mzoefu husikia beringi imeanza kulia kabla haijafa, akasimamisha mtambo kwa dakika chache badala ya kuupoteza kwa siku nzima, maana korona ikilala, majani yaliyokwisha kukatwa hukauka na huwa magumu kuchakata. Sikio la namna hiyo hujengwa kwa miaka ya kusimama kando ya fundi mwingine.

Tanga imekosa wafanyakazi tangu zamani. Ujira ulikuwa mdogo na kazi nzito, kiasi kwamba wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, mwaka 1944 ili kuwaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, Kigoma na Songea zikiwemo. Wakati huo ilitafutwa mikono. Leo unatafutwa ujuzi, lakini kijana bado huajiriwa kama mkono tu. Deiwaka, yaani kibarua wa siku, anayebeba marobota leo na kesho akarudishwa getini hawezi kuizoea mashine yoyote. Akihamia kwenye bodaboda, ambako kila jioni hupata chochote mkononi, sioni haki ya kumwita mvivu.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha umeme, uchomeleaji na ufundi mitambo, na msingi huo ni wa lazima. Hata hivyo, karakana ya chuo haiwezi kuwa na kila mtambo, wala haibebi hasara korona inapoharibika. Pengo hilo huzibwa na uanagenzi, ambamo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na kiwanda, akikabidhiwa kwa fundi anayejulikana, ambaye humwachia kwanza kupaka grisi, kisha kufungua beringi, na mwishowe kuipima ile nafasi ya ngoma na bamba kwa mkono wake mwenyewe.