Kuwahi hakusaidii: kipaumbele na rundo katika Magic: The Gathering
Mabishano mengi ninayoitwa kuamua tunapocheza kadi hapa Kisumu hayahusu maana ya kadi, bali wakati wa kuicheza. Mchezaji huibwaga kadi mezani akiamini kwamba aliyewahi ndiye mwenye haki, ilhali katika Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, wepesi wa mkono haumpi mtu chochote. Kinachoamua ni kipaumbele, yaani ruhusa ya kutenda, ambayo hushikwa na mchezaji mmoja tu kwa wakati mmoja.

Kadi ya papo hapo (instant), yaani ile inayoweza kuchezwa hata katika zamu ya mpinzani, ikichezwa haifanyi kazi mara moja. Hupanda juu ya rundo, yaani mahali kadi zilizochezwa zinapopangwa moja juu ya nyingine, na kusubiri. Aliyeicheza hubaki na kipaumbele, akikiachilia humwendea mpinzani, na wote wakikiachilia mfululizo, kadi ya juu kabisa hutekelezwa. Iliyoingia mwisho hutangulia kufanya kazi.

Tuseme una kiumbe Grizzly Bears, chenye nguvu 2 na ustahimilivu 2, yaani madhara 2 yanatosha kukiua. Mpinzani akikielekezea Lightning Bolt, inayotoa madhara 3, nawe ukajibu kwa Giant Growth, inayoongeza 3 kwa nguvu na 3 kwa ustahimilivu hadi mwisho wa zamu, kiumbe hufikia 5 kwa 5 kabla ya pigo kutua, nacho hupona. Ukitangulia wewe kucheza Giant Growth, mpinzani atajibu kwa Lightning Bolt, kiumbe kitakufa, na kadi yako haitatekelezwa kwa kuwa haina tena shabaha. Kadi ni zilezile. Aliyesubiri ndiye aliyefaidika.

Wanaoanza husahau jambo moja ambalo mimi naliona kuwa muhimu kuliko yote: rundo halimalizwi kwa mkupuo. Kila kadi moja ikishatekelezwa, kipaumbele humrudia mwenye zamu, kisha mpinzani, kwa hiyo unaweza kuongeza jibu kabla ya kadi inayofuata kutekelezwa. Uwezo wa kuzalisha mana, yaani nishati ya kulipia kadi, hauingii kwenye rundo wala haujibiwi.

Rundo lilianza na kanuni za toleo la sita mwaka 1999, na kwa miaka kumi hata madhara ya mapambano yalipitia humo. Tangu mwaka 2009 hayapitii tena, hivyo anayetaka kumwokoa kiumbe wake vitani atende mara tu wazuiaji, yaani viumbe vinavyokinga shambulio, wanapotangazwa, kwa sababu baada ya hapo madhara hutolewa bila nafasi ya kujibu.