Kuisikiliza Transfoma Kabla Haijaungua

Ukipita karibu na kituo cha kupoza umeme utasikia mngurumo usiokatika wa transfoma. Huo si ubovu. Umeme wetu wa Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko chuma kilichomo ndani ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi) hutanuka na kusinyaa mara mbili, kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana mngurumo huo uko kwenye hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde.

Ubovu unaotutia hofu zaidi, sikio haliusikii. Karatasi iliyozungushiwa waya wa koili ikichakaa, au mafuta yakiingia unyevu, cheche ndogo ndogo huanza kuruka ndani ya tangi la chuma linalobeba koili na mafuta hayo. Kila cheche hutoa mlio mfupi wa makumi hadi mamia ya kilohezi (kilohezi moja ni hezi 1,000), na sikio la binadamu huishia takriban kilohezi 20. Cheche hizo huila karatasi taratibu, hadi siku shoti kubwa inapopiga.

Kwa hiyo sisi tunaokagua transfoma tunabandika vihisi vya sauti nje ya tangi kwa sumaku. Kati ya kihisi na chuma tunapaka grisi, maana hata upenyo mwembamba wa hewa huuzuia mlio. Transfoma inaendelea na kazi, na hakuna mtaa unaokatiwa umeme. Ndani ya mafuta sauti husafiri takriban mita 1,400 kwa sekunde. Kihisi kimoja kikiupata mlio nusu milisekunde kabla ya mwenzake, basi chanzo kiko karibu nacho zaidi kwa sentimita 70. Vihisi vinne vikipangwa vizuri, tunajua pa kuanzia kabla tangi halijafunguliwa.

Kazi yenyewe haikosi mitego. Kwenye chuma cha tangi sauti hukimbia zaidi ya mara tatu, hivyo mlio uliopitia ukutani unaweza kutangulia na kutupoteza. Mvua nayo huleta kelele. Tena cheche iliyojificha ndani kabisa ya koili huenda isisikike nje. Ndiyo maana sikubali vihisi vichukue nafasi ya kupima gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta: haidrojeni ikipanda, tunashuku cheche; asetilini ikiongezeka, hali ni mbaya zaidi. Gesi hutuambia tatizo lipo, sauti hutuonyesha lilipo.

Transfoma ya mtaani kwako ikianza kutoa milio ya kupasuka, au ukiona mafuta yanavuja, usiisogelee. Lipigie simu shirika la umeme na ulitajie namba ya nguzo.