Je, wajua kwa nini mtu akikatwa kwenye picha na kuwekwa mandhari nyingine, nywele zake hubaki na rangi ya ukuta wa zamani?

Mtu kapigwa picha mbele ya ukuta wa buluu. Fundi wa studio anamtoa ukutani kwa kompyuta na kumweka kwenye weupe kwa ajili ya picha ya pasipoti. Mabega safi, kola safi, masikio safi. Nywele ndizo zimebaki na utepe mwembamba wa buluu.

Lawama humwangukia fundi, au programu yake kwamba imepitwa na wakati. Angeikuza picha zaidi, wanasema, akafuata ukingo pikseli kwa pikseli, zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha, buluu ingeisha. Dhana hii imekula saa nyingi za watu walioinamia kipanya, na kasoro yake ni kuamini kwamba ukingo upo. Inachukulia kila pikseli ina mwenyewe, hii ya mtu, ile ya ukuta, na kazi ya mkataji ni kuutafuta mpaka. Kwenye kola ya shati hilo linakaribia ukweli. Kwenye nywele mpaka wenyewe haupo.

Tupige hesabu. Picha ya kichwa na mabega inayoonyesha sentimita 60 za mtu halisi, ikiwa na pikseli 3,000 kwenda juu, huipa kila pikseli milimita 0.2. Unywele wa kawaida haufiki hata milimita 0.1 au huzidi hapo kidogo sana, kwa hiyo mmoja peke yake hauwezi kuijaza pikseli hata ukitaka. Kamera nayo hujumlisha mwanga wote ulioingia kwenye kieneo hicho, wa unywele na wa ukuta, kisha huandika rangi moja. Ukikata kwa ndani unanyoa nywele. Ukikata kwa nje unaubeba ukuta. Kulainisha ukingo, dawa nyingine ipendwayo, huifanya buluu ififie bila kuiondoa.

Chukulia umeletewa kikombe cha chai ya maziwa, imeshachanganywa, ukaulizwa chai ilikuwa kali kiasi gani, maziwa yalikuwa mazito kiasi gani, na vilitiwa kwa kipimo gani. Ulicho nacho ni rangi ya kikombe tu. Chai kali iliyotiwa maziwa mengi inaweza kufanana na chai nyepesi iliyotiwa kidogo. Programu iko papo hapo. Kila pikseli inaipa namba 3, za nyekundu, kijani na buluu, nayo inatafuta namba 7: tatu za rangi ya unywele, tatu za ukuta, na moja ya kipimo cha mchanganyiko.

Kipimo hicho huitwa alfa, nacho hueleza pikseli iwe na uwazi kiasi gani. Wataalamu wa picha za kompyuta Alvy Ray Smith na Ed Catmull walikibuni miaka ya 1970 huko New York, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakakipangia hesabu zake. Faili la picha la aina ya PNG lina nafasi ya alfa. La aina ya JPEG halina, ndiyo maana picha iliyokatwa ikihifadhiwa kwa JPEG hurudi na mandhari, mara nyingi meupe.

Kitambaa cha kijani je, kile kinachotandazwa nyuma ya mwigizaji, hakimalizi tatizo? Kinapunguza. Sasa maziwa, yaani rangi ya nyuma, yanajulikana, na visivyojulikana vimeshuka kutoka 7 hadi 4. Namba zilizopo bado ni 3. Kwa hesabu tupu, kitambaa cha kijani hakitoshi, jambo la ajabu ukikumbuka filamu zilizotengenezwa nacho. Watengenezaji huliziba pengo kwa dhana, mfano kwamba mwigizaji mwenyewe hana kijani kikali. Avae shati la kijani uone linavyotoboka. Mwaka 1996 Smith na James Blinn walieleza njia ya kupata jibu kamili: kipige picha kitu kilekile mbele ya mandhari mbili za rangi tofauti. Chai ileile, kipimo kilekile, maziwa ya aina mbili, na sasa namba ni 6 kwa visivyojulikana 4. Sharti ni kitu kisisogee hata kidogo. Sanamu itakubali, mtoto aliyeletwa kupigwa picha ya pasipoti hatakubali.

Programu za akili bandia hukisia, kwa kuwa zimefunzwa kwa picha ambazo alfa yake ilikwisha kupatikana. Hukisia vizuri ukuta ukiwa mtulivu, na huyumba ukuta ukiwa na maua au rangi iliyo karibu na ya nywele. Hata alfa ikipatikana sawasawa, utepe unaweza kubaki: pikseli imepewa uwazi wake, lakini rangi yake ni ileile ya mchanganyiko. Maziwa yamepimwa, hayajatolewa. Programu ya kuhariri picha ya Photoshop ina chaguo la kusafisha rangi za ukingoni, linalobadilisha rangi ya pikseli zenyewe.

Si kila buluu ni mchanganyiko, hata hivyo. Ukuta mkali humulika nywele, na mwanga huo ni wa nywele kweli. Hesabu ya alfa haioni kosa. JPEG nayo kwa kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza, hivyo rangi hutambaa pikseli moja au mbili.

Glasi ya maji ndiyo huishinda alfa kabisa. Inapinda mwanga, kwa hiyo pikseli iliyo katikati yake huonyesha kipande cha ukuta kilichoko kwingine. Ikate kwa ustadi wote, ihamishie ufukweni, na ndani yake bado utauona ukuta wa studio. Njia ya uhakika ni kuipiga picha tangu mwanzo mbele ya mandhari inayofanana na itakayotumika.