Mtoto Hutumwa Maji Kabla ya Kupewa Bunduki

Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), si kila mtoto anayeingia katika kundi lenye silaha hutekwa. Wengine huanza kwa kutumwa: kuteka maji ya wapiganaji, kubeba mzigo hadi kilima cha pili, kueleza magari mangapi yamepita. Ujira ni sahani ya ugali. Mzazi asiione hiyo kuwa kazi ya kawaida. Kwa Kanuni za Paris za 2007, mwongozo wa kimataifa kuhusu watoto walio katika makundi yenye silaha, aliye chini ya miaka 18 anayepika, anayepeleleza au aliyefanywa "mke" wa mpiganaji ni mtoto aliyetumikishwa na kundi hilo, hata kama hajagusa silaha.

Kusema "alikuja mwenyewe" hakumwokoi kamanda. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimfunga Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha, miaka 14 kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Sheria ya Kongo ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inalinda hadi miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20.

Kwa hiyo umri lazima uthibitike. Mvulana mrefu wa miaka 15 huandikwa kuwa ana 19. Andikisha kuzaliwa kwa mtoto ndani ya siku 90. Ukichelewa utahitaji hukumu ya mahakama. Nakala ya cheti iache kwa ndugu wa mji mwingine, maana nyumba huchomwa na watu hukimbia mikono mitupu.

Akichukuliwa, usimfuate kambini na pesa: utakuwa umemtia bei, na wewe mwenyewe unaweza kubakizwa ubebe mizigo. Andika jina, umri, alama za mwilini, mahali na saa alipoonekana mwisho. Mpe mtu mmoja wa kamati ya ulinzi wa mtoto au wa Msalaba Mwekundu. Picha isiwekwe WhatsApp. Kamanda akiiona humhamisha mtoto au humbadilisha jina.

Wasichana ndio wanaosahaulika zaidi. Siku kundi linapokabidhi watoto ili waachiwe, makamanda huwaficha wasichana wakidai ni wake zao, basi wataje kwa majina. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya mara moja: dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Asilazimishwe kwanza kusimulia yaliyompata. Akitaka kurudi shule, mtafutie darasa la kufidia masomo. Ukimketisha msichana wa miaka 16 na watoto wa miaka 8, haya zitamtoa darasani.