Kumfundisha mwanafunzi wa kompyuta kunyamaza: kupima urahisi wa matumizi kwa programu huria

Somo la kupima urahisi wa matumizi, yaani kumtazama mtu akiitumia programu ili kuona anapokwama, huharibika wanafunzi wanapopimana wao kwa wao, kwa programu waliyoiandika wenyewe. Anayepimwa anajua tayari vitufe viko wapi, na kasoro zikionekana hazina pa kupelekwa ila kwenye ripoti ya maksi. Kwa darasa la hapa Lamu mimi huchagua LibreOffice Writer, programu huria ya kuandikia nyaraka. Haihitaji intaneti, haina malipo, na kasoro zake hujadiliwa hadharani kwenye Bugzilla, tovuti ya kuripoti kasoro zake, ambako mwanafunzi anaweza kusoma watu wakibishana juu ya kitufe kimoja tu na kuona uamuzi ulivyofikiwa.

Kazi ya kwanza ni kutunga jambo la kumpa mshiriki, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwanafunzi huandika: "Hamisha waraka uwe PDF kupitia menyu ya File." Hapo amekwisha kumwonyesha njia, na kilichobaki kupimwa ni kama mtu anajua kusoma. Iandike kwa haja ya mtu mwenyewe: "Hili ni tangazo la Maulidi. Unataka kulituma kwa WhatsApp, na kila atakayelifungua kwa simu alione vile vile lilivyo, wala asiweze kulibadilisha kwa urahisi." Neno PDF halimo, na neno lolote lililoko kwenye menyu halimo. Kazi tatu au nne za namna hiyo zinatosha kwa kikao cha nusu saa. Zijaribuni kwanza kwa mtu mmoja asiyehesabiwa, maana kazi isiyoeleweka huonekana kama kasoro ya programu.

Washiriki watafuteni nje ya darasa: karani wa nyumba ya wageni, mwalimu wa madrasa, mwenye duka la Langoni anayeandika risiti zake. Watano wanatosha kwa duru moja, lakini mwanafunzi ajue hesabu yake. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba kasoro ikimkwaza mtumiaji mmoja kwa uwezekano wa wastani wa asilimia 31, watu watano huibua karibu asilimia 85 ya kasoro. Huo ni wastani tu. Kasoro inayomkwaza mtu mmoja kati ya kumi ina nafasi ya asilimia 41 tu ya kuonekana kwa watu watano. Kwa hiyo duru mbili za watu watano, na marekebisho katikati, ni bora kuliko duru moja ya kumi.

Sasa kunyamaza. Kwetu pwani, kijana kumtazama mtu mzima akihangaika bila kumsaidia ni utovu wa adabu, na mgeni kukisema vibaya alichokaribishwa nacho ni utovu pia. Mambo mawili hayo yanatosha kuua kikao: msimamizi ataonyesha kitufe, na mshiriki atasema "nzuri tu". Dawa ni kuombana radhi kabla ya kuanza, kwa maneno yaliyoandikwa na kusomwa vile vile kwa kila mtu: "Mama, tunayoijaribu leo ni programu, si wewe. Ukikwama, kosa ni lake. Nitakaa kimya, tafadhali usinione nimekosa adabu. Sema kwa sauti kila unachokitafuta na unachokifikiria."

Akiuliza "Nibonyeze hapa?", jibu ni "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Akinyamaza muda mrefu: "Unatafuta nini sasa?" Kauli kama "Umeangalia pale juu?" ni msaada, na kazi iliyosaidiwa huandikwa kuwa imeshindikana. Wekeni kikomo kabla ya kikao, tuseme dakika tano kwa kazi, kisha endeleeni na inayofuata.

Mwandishi wa kikao aandike alichokiona na kusikia, si alichokidhani. "Mshiriki alichanganyikiwa" haina faida. Hii inayo: "04:12, afungua Save As. Ashuka orodha ya aina za faili mara mbili. Asema: 'Mbona PDF haipo?' Afunga." Kweli haipo hapo. Iko chini ya Export As, au kwenye alama ndogo ya upau wa juu ambayo jicho huipita. Hapo mwanafunzi anaiona akili ya mtu ilikotafuta na programu ilikoweka.

Rekodini skrini kwa OBS Studio, kwa ruhusa ya mshiriki na bila uso wake. Kati ya aina za faili za video, chagueni MKV badala ya MP4: umeme ukikatika na laptopu ikizimika, MP4 ya kawaida huenda isifunguke tena, na MKV hubaki salama mpaka pale ilipokatika. Jaribuni maikrofoni kwanza, hasa barazani kwenye upepo.

Kuna swali ambalo vitabu vya nje havilikazii: mtu amekwama kwa mpangilio au kwa lugha? Kikao kikiisha, si kabla, muonyesheni neno Export na kumuuliza alilielewaje. Kama hakulielewa, kasoro ni ya wafasiri. Kama alilielewa lakini hakutazamia kulikuta hapo, ni ya wasanifu. Ripoti ni mbili tofauti.

Kabla ya kuandika ripoti Bugzilla, tafuteni kama kasoro hiyo imeshaandikwa. Ikiwa ipo, ongezeni ushahidi wenu pale pale. Ikiwa mpya: kasoro moja kwa ripoti, toleo la programu (linanakiliwa kutoka Help, About), mfumo wa kompyuta, hatua kwa hatua alichofanya mtu, alichotarajia, kilichotokea, na wangapi kati ya wangapi walikwama. "Fanyeni kama Word" si ushahidi. Neno kuu needsUXEval ndilo linaloipeleka kwa timu ya usanifu.

Ripoti inaweza kufungwa kwa NOTABUG (si kasoro) au WONTFIX (haitarekebishwa), au kukaa bila jibu hadi muhula uishe. Msitoe maksi kwa kukubaliwa. Toeni kwa ripoti ambayo mtu asiyekuwepo anaweza kuifuata na kukwama mahali pale pale.