Mbegu ya kiume haitoki ikiwa tayari

Swali hili nimelisikia mara nyingi mno: "Daktari, majibu yanasema mbegu zangu ni nyingi na zinakimbia vizuri, sasa mimba inakosaje kushika?" Nyuma yake kuna imani inayonichosha kuliko zote: kwamba mbegu hutoka ikiwa imekamilika, kilichobaki ni mbio tu.

Sivyo. Mbegu iliyotoka sasa hivi, hata ukiiweka juu ya yai, hailirutubishi. Tangu 1951, watafiti wawili, Chang kwa sungura na Austin kwa panya, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mbegu lazima kwanza zikae saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike. Za binadamu nazo ni hivyo hivyo. Humo utando wa mbegu hupoteza kolesteroli, na bikaboneti, aina ya chumvi, huingia na kuamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, ishara inayobadilisha protini za mkia. Kisha inakuja homoni. Seli zinazolizunguka yai hutoa projesteroni, nayo hufungua milango ya kalsiamu iliyo mkiani, iitwayo CatSper. Kwa binadamu hilo lilionyeshwa 2011. Kalsiamu ikijaa, mkia unaanza kupiga kwa nguvu na kwa upana kama mjeledi, na kifuko cha vimeng'enya kichwani kinaweza kufunguka. Pasipo hayo, mbegu hata iwe na kasi gani haipenyi ganda la yai. Kipimo cha kawaida cha shahawa huhesabu, hutazama mwendo na umbo, basi. Haya yote hakiyaoni. Kwa hiyo nakuomba, usimlaumu mkeo eti kwa sababu karatasi yako ni nzuri.

Wengine husema: "Ya kwanza kufika ndiyo inayoshinda." Hapana. Zinazofika kwenye mrija wa uzazi, yai linakopita, katika dakika za mwanzo husukumwa na misuli ya kizazi, na bado hazijaiva.

"Tusubiri siku yenyewe ya yai kutoka." Msisubiri. Mbegu huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke, na haziivi zote kwa pamoja. Kutaneni kila siku moja au mbili kabla ya siku hiyo.

Na sindano za testosteroni za "kuzipa mbegu nguvu"? Ubongo ukiona homoni imejaa damuni, hupunguza LH na FSH, homoni zake za kuziamuru korodani, nazo korodani zinanyamaza, na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Kama unachoma, mwambie daktari wako leo, maana mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa.