Moshi wa kiangazi unakuja, na "jifungie ndani" haitatusaidia huku

Mimi ni afisa wa afya ya mazingira huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kazi yangu kila siku ni vyoo, visima, soko na taka, lakini kiangazi kikianza tu simu zinakuwa za kitu kingine: afande mbona hewa nzito, mbona watoto wanakohoa. Ni nyasi zinachomwa, basi. Desemba mpaka Februari hivi mvua imekata, huyu anasafisha shamba, yule anataka majani mabichi ya ng'ombe, vijana wanawinda panya, na upepo miezi hiyo unatoka kaskazini mashariki kwa hiyo moshi wa Sudan Kusini nao tunaupokea bila kuagiza. Sheria ya kukataza kuchoma nyasi ovyo ipo tangu 1974 na moto unawaka kila mwaka. Ndio maana leo sitaki kubishana kuhusu kukataza, tuongee kujiandaa.

Mwaka 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulifika mpaka New York, mbingu ikawa rangi ya chungwa, na ushauri wao ukatufikia kwenye magrupu ya WhatsApp: ingia ndani, funga madirisha, washa mashine ya kusafisha hewa. Kwao sawa. Huku nyumba nyingi zina uwazi kati ya ukuta na paa, sasa unafunga nini? Na hatari yenyewe ni hii, mama akitii ule ushauri akafunga mlango na sigiri iko ndani na maharage juu yake, moshi wa nje unaingia vilevile halafu mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, watu wanalala hawaamki. Kwa hiyo huku kwetu jambo la kwanza ni moto wa kupikia utoke nje ya chumba cha kulala, ukae kwenye kibanda kisicho na kuta, na maharage yalowekwe usiku kucha ili yaive haraka. Hilo peke yake linapunguza moshi mwingi kuliko kufunga dirisha.

Saa nazo zina maana. Usiku ardhi inapoa, hewa ya baridi inakaa chini inaubana moshi hapo hapo, ndio maana alfajiri mpaka kama saa tatu asubuhi kifua kinawasha, jua likipanda unatawanyika. Sasa angalia shule zikifunguliwa Februari: saa moja asubuhi watoto wanafagia uwanja, wanakusanya majani na makaratasi, mwalimu wa zamu anawasha kiberiti, na wamesimama pale pale wanautazama moto. Walimu wangu, fukieni hizo taka kwenye shimo, na mchakamchaka usogezwe mchana.

Kinachoumiza zaidi ni vumbi lile dogo sana la moshi, chini ya maikromita 2.5, linafika ndani kabisa ya mapafu. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kwa masaa 24 lisizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, wanapima hewa kwenye miji yetu tangu 2015, programu yao ya simu ni bure, ila kama kijijini kwenu hakuna kifaa tumieni macho: mlima mliozoea kuuona ukipotea, hiyo ni siku ya moshi. Kitambaa kilicholowa maji hakizuii vumbi hilo, barakoa ya N95 inazuia ikikaa vizuri usoni. Na maziwa, jamani, maziwa hayasafishi mapafu, yanaenda tumboni. Kunywa kwa kuwa ni matamu.

Kwenye vikao vya bajeti ya afya wilayani utasikia malaria, uzazi salama, chanjo, TB, na tangu Ebola ya 2022 kila mtu anaogopa mlipuko mwingine. Moshi hauna mstari wake, na mimi sipiganii mstari mpya, hela yenyewe iko wapi? Moshi unaleta nimonia kwa watoto, na nimonia ina watu wake tayari: VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji. Wao wanajua kuhesabu pumzi kwa dakika moja nzima, mtoto ametulia, shati limepandishwa uone tumbo linavyopanda na kushuka. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, hiyo ni pumzi ya haraka, anahitaji dawa. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu, hapo usisubiri, boda boda mpaka hospitali. Shida ni kwamba kiangazi mama akiona homa na kikohozi anasema malaria, anampa mtoto dawa iliyobaki nyumbani, pumzi hakuna aliyehesabu.

Wenye pumu nao, hasa wazee na wajawazito, wasingoje mwezi wa moshi ndio watafute inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu. Kwa mtoto asiyeweza kuivuta vizuri, chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500 inafaa: toboa kitako tundu la kukaza mdomo wa inhela, mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu kama mara tano. Iosheni kwanza na sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa na kitambaa.

Kama uko kwenye kamati ya afya ya kijiji, mwezi wa Novemba mwombeni mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aite VHT, mhesabu pamoja amoksisilini, dawa ya nimonia, iliyobaki kwenye sanduku, muangalie kama saa ya kuhesabia pumzi ina betri, na oda iende kituo cha afya kabla ya Krismasi, kwa sababu Januari ndio kila kijiji kinaomba kwa wakati mmoja.